Msoma Mita

Vua saa, vua mshipi, toa sarafu mfukoni.
Bi Rispa anavipokea kimoja kimoja
kama anayehesabu chenji.
Pete haitoki, kidole kimeinenepea.
Tunaiacha. Dhahabu haina ugomvi na sumaku.

Mwaka wa tatu huu. Orofa ya chini, Barabara ya Ngong,
jenereta inanguruma nyuma ya ukuta,
na Mzee Zablon Ambundo analala chali
kwa utiifu wa mtu asiyekumbuka
kwamba mwaka jana alikataa.

Mashine inaanza kugonga.
Wengine huniambia ni nyundo, ni mawe juu ya bati.
Mimi husikia kalamu ya chuma kwenye geti letu la Umoja,
saa tatu asubuhi: Maji! Kuna mtu nyumbani?
na mama akinifinya bega,
nyamaza, hatupo.

Ndiye. Nilimjua mwaka ule wa kwanza
kwa kovu linaloikata nyusi.
Hakunijua. Sikumwambia.

Siku moja geti lilikuwa wazi.
Alipiga magoti kwenye kisanduku cha saruji,
akapangusa kioo kwa kidole gumba, akasoma.
Baba alikuwa ameachishwa kazi Reli
na bomba letu lilikuwa limepita pembeni miezi minne.
Mita imekufa. Ndoo yangu imejaa.
Aliitazama mita, akamtazama mama, akaitazama ndoo,
kisha akaandika namba,
namba ndogo, ya watu wasiokuwa na kiu.
"Mwezi ujao, mama, irudishe mahali pake."

Sasa msomaji ni mimi.
Ndani ya kichwa, kulia na kushoto,
kuna kitu kimejikunja. Waliokipa jina
walimwona farasi wa baharini.
Mimi naona korosho.
Mwaka wa kwanza: elfu tatu na mia moja.
Wa pili: elfu mbili, mia nane na kitu.
Leo naburuta kistari ukingoni,
naburuta tena, huenda mkono ulitetemeka:
elfu mbili, mia nne na tisini.

Mita ya maji haijui kurudi nyuma.
Hii haijui kwenda mbele.

Na pale korosho ilipojivuta, maji yameingia.
Si ya Ndakaini, hayana bili wala mgao;
ni maji ya mwili wenyewe, safi,
yanayojaza palipoachwa wazi bila kumuuliza mtu.
Jina la mjukuu limeshazama.
Njia ya msalani usiku inalowa.
"Leo asubuhi ameniita mama mwenye nyumba,"
asema Bi Rispa, mkoba mapajani,
"lakini namba za nyumba za Umoja anazo zote,
anazitaja kama rozari."

Daktari Makena hataki picha moja.
Anataka mteremko: umbali wa picha hadi picha,
wazee arobaini na mmoja, kila mmoja na namba yake,
tujue ugonjwa huingia kwa mlango upi
na hupumzika wapi, kama hupumzika.

Nukta chache tu za kistari. Nani angejua?
Naijua huruma inavyoandikwa, nilifundishwa na bingwa.
Ila kwake huruma ilikuwa namba ndogo;
hapa ingekuwa namba kubwa,
na mzee wa arobaini na mbili, nisiyemjua bado,
ndiye angelipa.

Naandika kilichopo.

Kugonga kunakoma. Nabonyeza kipaza sauti:
Mzee, tumemaliza. Uko salama?
Kimya. Pumzi.
Kisha sauti yake, ya kazini, iliyonyooka kabisa:

"Kuna mtu nyumbani?"

Tupo, nasema.
Tupo, Mzee. Geti liko wazi.